Masaa 9 ya video na babu aliyevuka Ruvuma: nianzie wapi?

Swali la msomaji, Temeke:

"Babu yangu mzaa baba alivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita ya ukombozi, akaja Dar, akazikwa Mbagala bila kurudi kwao. Nataka kutengeneza kazi ya sanaa ya video juu yake. Kwa miezi miwili nimetembea na simu kutoka mjini hadi Mbagala nikirekodi, na sasa nina masaa 9. Kila nikikata inatoka kama taarifa ya habari au video ya wimbo. Picha zinacheza, sauti imeliwa na upepo. Mdogo wake babu yu hai na yuko tayari kusimulia, ila hataki sura yake ionekane. Nimepewa chumba cha mita 5 kwa 4 kwa wiki mbili, kina madirisha mawili, projekta moja na televisheni ya inchi 32. Nifanyeje?"

Jibu:

Dada, acha kwanza kuyakata hayo masaa 9. Picha utarekodi upya, dakika 13 tu. Masaa 9 yatakupa sauti. Na babu mdogo atasimulia kwa mkono wake. Nitaeleza kimoja kimoja, ila tuanze na kwa nini unakwama.

Umekwama kwa sababu ulirekodi bila kanuni. Ulitembea, ukaona kitu, ukainua simu. Mpiga picha wa habari anafanya hivyo hivyo, na wa video za muziki pia, kwa hiyo ukikaa kuhariri mkono unakupeleka huko huko. Kamera ikitangatanga, mtazamaji anamwona mpiga picha, babu hamwoni. Mtu aliyepoteza kwao hatembei ovyo. Anahesabu, anauliza njia, anasimama akiangalia upande fulani. Hayo ndiyo ya kuigiza.

Francis Alÿs, Mbelgiji aliyehamia Mexico, mwaka 1997 alisukuma bonge la barafu kwenye mitaa ya jiji la Mexico kwa zaidi ya masaa 9 mpaka likaisha kwa kuyeyuka. Video iliyotoka ni ya dakika kama 5. Alikuwa na masaa sawa na yako, ila yake yalikatika kwa sababu kanuni ilikuwa moja na mwisho ulijulikana tangu mwanzo.

Kanuni ninayokupendekezea ni hii. Anzia Gerezani, shika Barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Kila baada ya hatua 1,000 simama, elekeza simu kusini, rekodi sekunde 60 bila kugusa chochote. Fanya hivyo mara 13. Hatua 1,000 za mtu wa kimo cha kawaida ni kama mita 700, kwa hiyo vituo 13 vinakupa kilomita 9 na kidogo, na hizo zinakufikisha maeneo ya Mbagala, alikozikwa babu. Barabara ya Kilwa ndiyo barabara ya kusini: Kilwa, Lindi, Mtwara, halafu mto. Babu aliijia huko akielekea mjini. Wewe unairudia kinyume, na unaishia njiani kama yeye. Hilo usiliandike popote. Mtazamaji wa Dar akiona vibao vya maduka ataelewa mwenyewe uko wapi na unaelekea wapi.

Katika kila kituo, baada ya kuzima kamera, muulize mtu mmoja: "Samahani, kwenda Msumbiji napita wapi?" Kuna atakayekutajia stendi, kuna atakayecheka, kuna atakayekuuliza unaenda kufanya nini huko. Rekodi jibu kwa sauti peke yake, kisha mweleze ni kwa ajili ya nini na umwombe ruhusa. Akikataa, futa mbele yake. Majibu 13 ya sekunde 10 kila moja ni dakika 2 na sekunde 10 za maneno. Ni kidogo makusudi, utaona kwa nini.

Utakutana na jambo moja gumu. Barabara ile inapita bandarini, Kurasini kwenye majengo ya polisi na Mgulani kwenye kambi ya jeshi. Hatua ya elfu ikiangukia mbele ya geti la kambi, usiinue simu, hata "kidogo tu". Wala usisogeze kituo. Mahali pa dakika hiyo weka sekunde 60 za skrini nyeusi. Kwa maoni yangu dakika hiyo ya giza itasema juu ya ukimbizi kuliko picha yoyote ya mawimbi na viatu vilivyochakaa. (Ndiyo, futa mawimbi. Na miguu inayotembea. Na ndege angani. Vyote vimo kwenye hayo masaa 9, siwezi kukosea.)

Kuhusu kurekodi nitapita haraka. Chukua stendi yenye miguu mitatu, urefu wa usawa wa kifua, na uning'inize kiroba cha kilo 2 za mchanga katikati, maana kila lori likipita stendi nyepesi inayumba. Weka fremu 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukirekodi kwa fremu 30 chini ya taa za dukani, picha inapepesa mistari. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya kamera uwashe fomati za PAL, kwenye Android nyingi utapata fremu 25 ndani ya programu ya kamera yenye mipangilio ya mkono. Chini ya taa shata iwe 1/50 au 1/100. Funga fokasi na mwanga kabla ya kuhesabu sekunde, la sivyo simu itabadilisha mwanga katikati basi jeupe likipita. Zima kazi ya kutuliza mtikisiko: simu ikiwa juu ya stendi haina msaada wowote, na jioni inaleta picha ya kuteleza kama uji.

Jua pia lina upande wake. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana Dar linakaa kaskazini, yaani mgongoni kwako ukitazama kusini. Novemba hadi Februari linahamia mbele yako na kulipaka anga lote nyeupe. Saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro jioni ndiyo saa nzuri mwaka mzima, kwa sababu jua linakuja ubavuni. Huwezi kumaliza vituo vyote 13 ndani ya muda huo, kwa hiyo gawa siku nne au tano, kila siku ukianzia ulipoishia jana. Simu ikipata joto na kujizima, ivue kava uiweke kivulini. Usiitie kwenye friji wala kuielekezea kiyoyozi, maana unyevu wa hewa yetu utaganda ndani ya lenzi. Nenda na mtu wa pili wa kuangalia nyuma yako. Anayetazama skrini ndiye kibaka anayemtafuta.

Sasa sauti, na hapa tukae.

Masaa 9 uliyonayo ni daftari la sauti. Funika skrini kwa karatasi, vaa hedifoni, sikiliza yote kuanzia mwanzo, kalamu mkononi. Andika jina la faili, dakika, na kilichosikika: "kondakta anaita Mbagala, anaishiwa pumzi", "adhana mbili zinapishana", "mashine ya kusaga inazimwa". Usiandike "nzuri" au "mbaya", utazisahau. Itakuchukua siku tatu au nne. Ukimaliza na dakika 15 hadi 20 zinazofaa, una bahati ya kawaida.

Upepo upo wa aina mbili. Kuna mngurumo wa chini, ambao unaondoka ukikata kila kilicho chini ya hezi 100; sauti ya mtu haiumii kwa hilo. Na kuna upepo uliogonga maiki mpaka wimbi la sauti likakatika vichwa, unaousikia kama kupasuka kwa karatasi. Huo hauna dawa. Programu zitakuahidi kuusafisha, na zitakuachia sauti ya mtu aliye ndani ya pipa. Tupa. Kwa majibu ya wapita njia nunua maiki ndogo ya kubana shatini, ivishe kifuniko cha manyoya, ishike sentimita 20 chini ya kidevu cha anayejibu. Vilele vya sauti viwe kati ya desibeli -12 na -6. Vikigusa 0 vimekufa. Rekodi kwa hezi 48,000, zilingane na video.

Kutokana na vitu hivyo tengeneza faili moja ya sauti ya dakika 11, isiyo na picha. Maneno ni dakika 2 na sekunde 10, kwa hiyo dakika karibu 9 zinabaki kuwa barabara, na baadhi yake karibu kimya. Kimya usikiache kuwa sifuri, maana spika ikinyamaza kabisa watu wanadhani imeharibika. Kijaze kwa sekunde za mahali penyewe pasipo na tukio. Ukiwa kwenye kila kituo rekodi dakika moja ya namna hiyo, hata kama hujui utaitumia wapi. Muziki usiweke. Ukiweka kinanda cha huzuni, ndiyo ile video ya wimbo imerudi, na ukitumia wimbo wa mtu utahitaji kibali cha mwenye haki.

Babu mdogo. Bouchra Khalili, msanii wa Morocco na Ufaransa, kati ya 2008 na 2011 alitengeneza video 8 za watu waliovuka mipaka bila vibali. Katika kila moja unaona ramani, mkono na kalamu nene ikichora njia huku msimulizi akieleza. Sura haipo, na huikumbuki hata kuitamani. Chukua nidhamu hiyo. Ramani yake ya dukani usichukue, kwa sababu mbili: imeshakuwa alama ya kazi yake, na ramani ya leo inamdanganya mzee wako. Ina Daraja la Umoja, lililofunguliwa 2010. Yeye alivuka majini.

Chora ramani mwenyewe kwenye karatasi ya kaki yenye ukubwa wa A1, imesimama wima. Kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 10 kinatosha: kutoka Dar hadi mdomo wa Ruvuma kwa mstari ulionyooka ni kama sentimita 42, na ukishuka hadi usawa wa Mueda ni 54, bado unabakiwa na nafasi. Chora pwani na mto tu. Usiandike majina, ayataje yeye. Nimesema kaki kwa sababu ya ngozi. Simu ikiona karatasi nyeupe inapunguza mwanga, na mkono mweusi unageuka kivuli kisicho na mishipa wala mikunjo, na mikunjo ndiyo sura yako hapo. Kwenye kaki mkono unaonekana wote.

Bandika karatasi pembe nne juu ya meza kwa gundi ya karatasi. Simu iwe juu yake, mita 1 hadi 1.2, ikitazama chini moja kwa moja. Mbao iliyowekwa juu ya migongo ya viti viwili vilivyopandishwa kwenye meza mbili za pembeni inafanya kazi hiyo vizuri kuliko stendi ya bei. Taa ya darini izime, itaangusha kivuli cha simu katikati ya Lindi. Tumia dirisha la upande wa kushoto ikiwa mzee anaandika kwa mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisifunike mstari anaochora. Kabla ya kuanza mwombe aweke mkono juu ya karatasi, funga fokasi na mwanga hapo hapo. Kalamu nene mpya inalia kwenye kaki. Iliyotumika kidogo hailii. Na kabla ya kurekodi hakikisha picha imekaa upande unaoutaka, kwa sababu simu ikitazama chini haijui juu ni wapi na inaweza kuigeuza picha yenyewe.

Chumba chake pengine kina sakafu ya vigae na dari ya bati. Khanga ukutani hazisaidii sana, zinameza sauti nyembamba tu na kuuacha mwangwi. Simamisha godoro nyuma ya anayeongea na jingine upande, blanketi mezani chini ya karatasi. Zima feni. Zima friji, na funguo zako ziweke ndani ya hiyo friji, hutaondoka bila kukumbuka kuiwasha. Mvua ikianza juu ya bati, pumzika. Hakuna cha kufanya.

Unapoingia, mambo yaende kama yanavyokwenda: shikamoo, habari za nyumbani, chai. Siku ya kwanza usiwashe kitu. Maswali yawe ya mwili na ya vitu. Mlibeba nini? Mlifika mtoni saa ngapi? Maji yalifika wapi mwilini? Nani alishika mtumbwi? Mlilala wapi usiku wa kwanza upande huu? Ukimuuliza alijisikiaje atakupa jibu alilokwishalisikia redioni. Na neno "mkimbizi" usilitangulize wewe. Ni neno la karatasi za serikali, huenda hakuwahi kujiita hivyo. Sikiliza anajiitaje, ndilo utumie ukutani. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilianzishwa hapa hapa Dar tarehe 25 Juni 1962, vita ikaanza Septemba 1964, kiongozi wake Eduardo Mondlane akauawa hapa hapa kwa kifurushi cha bomu tarehe 3 Februari 1969, uhuru ukaja 25 Juni 1975. Tarehe hizo ziwe kichwani mwako zikusaidie kufuata anachosema. Kwenye video hazina kazi, isipokuwa mzee azitaje.

Huenda ataingia Kimakonde katikati ya Kiswahili. Mwache. Mona Hatoum, Mpalestina aliyezaliwa Beirut na kukwama London vita ya Lebanon ilipoanza 1975, katika video yake ya 1988 alipitisha mwandiko wa Kiarabu wa barua za mama yake juu ya picha kama pazia, huku yeye akizisoma kwa Kiingereza. Asiyejua Kiarabu anaona kuna kitu hakumfikii, na kutofikiwa huko ndiko ugenini. Kwa hiyo tafsiri usiiweke kila mahali. Palipo muhimu weka mistari isiyozidi miwili, herufi kama 40 kwa mstari, na uiache ikae: maneno ya Kiswahili ni marefu, herufi 12 hadi 15 kwa sekunde ndiyo kasi ambayo mtu anasoma bila kukimbizwa.

Kuficha sura hakutoshi kumficha mtu. Pete, kovu, kidole kilichopinda, vyote majirani wanavijua, na sauti wanaijua zaidi. Muulize kama sauti yake ibaki. Akisema hapana, usiizamishe kwa kompyuta mpaka ikawa nene kama ya mhalifu kwenye taarifa ya habari. Mpe mjukuu wake asome maneno yale yale. Ridhaa irekodi kwa sauti yake mwanzoni: video itaoneshwa wapi, siku ngapi, na kama itawekwa mtandaoni au la. Yale anayoweza kukubali kwa chumba kimoja anaweza kuyakataa kwa dunia nzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inakutaka uwe na ridhaa hiyo.

Yakate masimulizi hadi dakika 7. Sasa una vipande vitatu: picha ya barabara dakika 13 bila sauti, sauti ya barabara dakika 11 bila picha, mkono na masimulizi dakika 7. Kila kimoja kijirudie peke yake bila kuunganishwa na kingine. Picha na mkono vitaanza pamoja tena baada ya dakika 91. Vyote vitatu, baada ya dakika 1,001, yaani masaa 16 na dakika 41. Hakuna siku ya maonyesho yenye urefu huo. Mtu akijibu "uko mbali sana huko", leo atajibu juu ya duka la matairi, baadaye juu ya ile dakika nyeusi, na wewe hukupanga. Faida ya pili ni ya mfukoni: huhitaji mitambo ya kulinganisha muda, ambayo ni ghali na ndiyo huharibika kwanza. Ila usiwashe vyote kwa pamoja kila asubuhi, la sivyo kila siku itakuwa nakala ya jana. Washa kimoja, kunywa chai, washa kingine.

Chumba. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali wa mara 1.5 ya upana wa picha. Picha ya upana wa mita 2.4 kwenye ukuta wa mita 4 inataka projekta mita 3.6 kutoka ukutani. Chumba chako kina 5, inabaki mita 1.4 nyuma yake. Ipandishe juu ya vichwa vya watu, ukiifunga kichwa chini chini ya rafu imara na kuigeuza picha kwa menyu ili ishuke ukutani, kioo kikitazama ukutani kwa usawa. Ukiiinamisha picha inakuwa pana upande mmoja, na kuinyoosha kwa menyu kunaila ukali. Kimo cha picha kitakuwa mita 1.35, ukingo wake wa chini uwe sentimita 60 kutoka sakafuni, ili anayesimama mbele ajione yuko barabarani. Projekta ya lumeni 3,000 inatosha chumba kikiwa na giza. Giza ni kaniki, ila moja haitoshi, inapitisha mwanga. Shona mbili pamoja, zipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 20 kila upande, na zikae mbali na tundu la hewa moto la projekta angalau nusu mita.

Televisheni iweke chini kwenye kona, juu ya stuli fupi, ikilala mgongo kidogo, ili mtu ainame kuutazama mkono kama anavyoinamia meza. Sauti ya mzee itoke kwenye hedifoni mbili. Spika ya barabara iwe nyuma ya watazamaji, sio chini ya picha. Tandika mkeka au zulia, maana chumba kitupu chenye vigae kitageuza majibu yote kuwa supu. Weka benchi moja.

Faili zote za video zitoe kwa fomati ya H.264, ukubwa wa 1080, fremu 25, kiwango cha megabiti 15 kwa sekunde. HEVC, fomati mpya zaidi ambayo simu nyingi hutumia, televisheni za zamani hazisomi. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na exFAT televisheni nyingine hazioni kabisa, kwa hiyo jaribu kwenye televisheni ile ile utakayotumia. Televisheni ikirudia video huweka giza la sekunde kadhaa na kuandika jina la faili juu. Dawa rahisi: unganisha masimulizi mara nne ndani ya faili moja ya dakika 28, GB 3 na kitu, na jina la faili liwe herufi moja au mbili tu. Barabara iunganishe mara mbili. Kisha pekua menyu: zima kujizima kwa kukaa bila rimoti, zima skrini ya bluu ya "hakuna mawimbi" iwe nyeusi, zima hali ya kuokoa umeme.

Umeme ukikatika na kurudi, projekta nyingi hukaa kimya zikisubiri kubonyezwa, isipokuwa menyu yake ina chaguo la kujiwasha umeme unapofika; liwashe. Televisheni ikirudi itafungua chaneli, sio flashi. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 itabeba kicheza video na spika kwa muda wa kutosha, lakini projekta ya wati 300 itaimaliza kwa dakika chache. Usiitegemee kwa hilo. Kinachoua projekta ni umeme unaorudi na kishindo, kwa hiyo kati ya soketi na ekstensheni weka kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuachia umeme. Kama ni projekta ya balbu na mnaizima wenyewe, acha feni yake imalize kabla ya kuchomoa. Andika hatua za kuwasha kwenye karatasi, mistari sita isizidi, ibandike nyuma ya mlango kwa ajili ya mlinzi. Yeye ndiye atakayeonesha kazi yako, wewe ukiwa nyumbani umelala.

Vibali shughulikia kabla ya hatua ya kwanza: ofisi za serikali za mitaa unayopita, na Bodi ya Filamu kwa kurekodi hadharani. Barua iwe mfukoni kila siku, na nakala. Mwanzoni mwa Julai barabara ile inajaa watu wa Sabasaba. Chagua wiki nyingine.

Siku mbili kabla ya kufungua, washa kila kitu asubuhi ukiache mpaka jioni, na usikae chumbani. Rudi kila saa uone kipi kimekufa. Kesho yake mlete babu mdogo peke yake, kabla ya wageni. Mpunguzie sauti ya hedifoni kwanza, zinaanza juu. Mwache atazame dakika zote 7, kisha umuulize tena kama bado anaridhika. Akisema jina la kijiji fulani liondoke, usikate picha, maana dakika 7 zitavurugika. Shusha sauti mpaka chini kwa neno lile peke yake, mkono uendelee kuchora.